Makonyo

Mize Shaame alianguka siku ya tatu ya mazoezi,
wodi ya wazazi, Spitali ya Wete,
kabla kitovu hakijakatwa.
Akashuka taratibu ubavuni mwa kitanda
kama kanga inavyoteleza kambani,
na mzazi mwenyewe, jasho halijamkauka, ndiye aliyesema:
"Mwangalieni mtoto wa watu huyo."

Chuoni wakacheka wiki nzima.
Baba yake, kule Mtambwe, alikwishawaambia majirani: daktari.
Ada ya muhula wa kwanza ilitoka kwenye karafuu,
pishi kwa pishi. Ya muhula wa pili
ilitoka kwa ng'ombe ambaye hatajwi tena nyumbani.

Akaja ofisini kwangu na barua ya kuacha chuo,
mwandiko mzuri, hakuna kosa hata la nukta.
Mimi hufundisha anatomia.
Niliutaka udaktari zamani, kemia ikanikataa,
nikabaki na mifupa ya plastiki kabatini
na jina la Mwalimu Bikombo.
Sikuitia saini. Nikamwambia, vaa viatu, twende.

Tukapita ule ujia mrefu nyuma ya wodi
ambao wageni hawaujui kwa sababu hauna benchi.
Mlango wa kwanza, Khatib wa kumbukumbu,
anayeyajua majalada kwa rangi ya uzi,
aliyewahi kuizuia sindano isimuue mzee
kwa kusoma neno moja la mwaka wa nyuma.
Wa pili, Raya, anapima macho
ya watoto wa skuli waliochapwa kwa uvivu,
kumbe ubao hawauoni.
Wa tatu, kijana anamfundisha mchumaji
aliyedondoka mkarafuuni kunyanyua kijiko.
Kijiko, uji, kijiko.
Mtu mzima, jasho linamtoka kwa uji.

"Umeona? Hakuna damu," nilisema.
"Nimeona," akasema Mize,
kwa sauti ya mtu aliyenyamaza.

Ndipo nilipokosea. Nikajitia hekima.
Karafuu ikishachambuliwa, nikamwambia,
makonyo hayatupwi, mwanangu.
Yanapelekwa Wawi, yanachemshwa, yanatoa mafuta,
na mafuta yale yanafika nchi usizozijua.
Nilijipenda nilipokuwa nikisema.

Akanitazama.
"Mwalimu, nachambua karafuu tangu nina miaka sita.
Gumba hili huwa jeusi kila msimu.
Makonyo tunaijua bei yake.
Usinipe mimi bei hiyo."

Ujia ukawa mrefu.
Kule mwisho, panaponuka waya na vumbi la moto,
mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyetukaribisha.
Faki Hamad, ameinama, ameipasua tumbo
mashine ya oksijeni.
"Imekufa?" Mize akauliza.
"Haijafa. Imeziba. Shika tochi."

Akashika tochi.
Nikasimama mlangoni dakika kumi, halafu nusu saa,
hata nikajiona mimi ndiye mgeni.
Hewa inaingilia wapi? Nani kaibana hivi?
Mbona chujio limeota manyoya?
Maswali ambayo darasani kwangu hajauliza hata moja.
Na vidole vile vya kuchambua
vikaziokota skrubu, ndogo kuliko karafuu changa,
vikazipanga juu ya gazeti,
kila moja na ndugu yake.

Baba yake alikuja Jumatatu, hakutaka kiti.
"Fundi? Nimeuza ng'ombe nipate fundi?"
Jibu sikuwa nalo. Nilikuwa na ujia.
Nikampeleka hadi wodi ya watoto,
kitanda cha dirishani, mtoto wa miezi minne,
mpira mwembamba puani, na chini ya kitanda
mashine inanguruma kama paka aliyeshiba.
Mize alikuwa amechutama, sikio ubavuni mwake.

Mzee akasimama. Akautazama ule mpira,
akaufuata kwa macho mpaka ukutani, mpaka kwenye soketi.
Hakusema ndiyo. Hakusema hongera.
"Na umeme ukikatika?" akauliza.

Mize akageuka, akaanza kumjibu,
na jibu lilikuwa refu.